Kama mkeka umeshasukwa, miungu wanabishana nini?

"Shikamoo Mwalimu. Naishi Mbagala, naandika riwaya yangu ya kwanza na nimefika sura ya 14. Nimebuni kisiwa kinaitwa Mwambakuu na miungu wake: Kusi na Kaskazi, ndugu wawili wa upepo, Bamvua, bibi wa maji makuu, na Bibi Ukili, mkongwe kuliko wote, anayesuka mkeka wa dunia chini ya bahari. Alichokisuka hakifumuki, hata miungu hawana la kufanya. Sura ya 4 anatamka kwamba Mwambakuu kitazama usiku wa bamvua la saba. Sura ya 9 miungu wanakaa baraza, na Kusi, ambaye ana mtoto kisiwani aliyezaa na binadamu, anawatetea watu wa pale kwa machozi. Nilipoisoma kwenye kikundi chetu cha waandishi, mmoja akauliza: 'Kama mkeka umeshasukwa, wanabishana nini?' Nikakosa jibu. Nikaandika upya, Kusi akakiokoa kisiwa. Wakasema basi Bibi Ukili ni mwongo na hadithi imekosa meno. Toka hapo nimekwama. Halafu mama amesikia nabuni miungu, anasema nacheza na kufuru na kwamba mambo ya kadari hayachezewi. Samahani kwa kuongeza hili: kaka yangu alifariki mwaka jana, tulichelewa kumfikisha hospitali, na siku hizi nikiandika usiku najiona na mimi nimeshasukwa. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba wa kaka. Nitaurudia huko mbele, maana sidhani kama ni jambo la pembeni. Kwanza riwaya. Nimezisoma sura mbili ulizoambatanisha, ya 4 na ya 9, na nataka ujue kabla ya yote kwamba swali la kikundi chenu halijaivunja kazi yako. Msomaji haulizi miungu wanabishana nini katika hadithi asiyoijali.

Ninavyokuelewa, unaiona milango miwili tu. Ama Bibi Ukili ashinde na miungu wengine wageuke vikaragosi, ama miungu washinde na yeye ageuke mzee wa porojo. Ukivuta huku, kule kunachanika. Nafundisha fasihi na falsafa, miswada ya vijana wa mji huu inapita mikononi mwangu, na mkwamo huu naukuta mara kwa mara kwa wanaobuni dunia zao wenyewe. Chanzo chake karibu kila mara ni kwamba mwandishi amefunga pamoja vitu vitatu vinavyopaswa kukaa mbalimbali: kujua litakalokuwa, kuamua liwe, na kumlazimisha mtu alitende.

Chukua bamvua lenyewe, maana umelifanya mungu. Mvuvi wa Kunduchi anajua maji makuu yatakuja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi vinapoivuta bahari kwa mstari mmoja. Jedwali la maji la mwaka mzima huchapishwa kabla mwaka haujaanza. Hakuna anayedhani kuwa jedwali ndilo linaloisukuma bahari. Huko ni kujua, na kujua hakumfungi mtu mikono.

Swali la kikundi chenu, kwa taarifa yako, lina zaidi ya miaka 2,300. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliliuliza kwa mfano wa vita vya baharini: mtu akisema leo kwamba kesho kutapiganwa, na maneno yake yakawa kweli tangu leo, basi manahodha wanaoshauriana usiku huu wanashauriana nini? Jibu lake kwa kifupi ni kwamba lililo lazima ni kesho kupiganwe au kusipiganwe. Lipi kati ya hayo mawili, leo bado halijafungwa. Karne nyingi baadaye Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, akiwa kifungoni akisubiri kuuawa mwanzoni mwa karne ya 6, alishika njia nyingine. Alisema Mungu hatazami mbele kama tunavyotazama sisi; kwake yote yapo sasa, na kumwona mtu ameketi hakumlazimishi mtu huyo kuketi.

Sasa rudi kwenye sura yako ya 4. Aya ya pili umeandika kwamba Bibi Ukili "akaona Mwambakuu chini ya maji". Aya ya sita umeandika kwamba "akalikaza ua la mwisho, na kisiwa kikawa cha kuzama". Hao ni bibi wawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni shahidi, wa pili ni mtendaji. Ukiwaacha wote wawili ndani ya mwili mmoja, msomaji hatajua Kusi amlaumu nani, na Kusi mwenyewe hajui. Ndiyo maana hotuba yake ya sura ya 9 inazunguka kama chombo kisicho na usukani. Chagua. Kwa kuwa umempa kazi ya kusuka, mimi ningemwacha awe mtendaji, na ile "akaona" ningeiondoa bila huruma.

Hapo unaweza kuniambia, "Mwalimu, umenizidishia tatizo. Kama anasuka kweli, miungu wengine wana uhuru gani?" Ndipo tunapofika kwenye jambo lililokukwamisha hasa. Umechukulia kwamba mungu huru ni yule anayepata anachotaka. Kusi anataka kisiwa kiokoke, hakipati, basi si huru. Lakini hatuwapimi hivyo hata binadamu.

Wagiriki wa kale walimpa Zeus radi na kiti cha juu kuliko vyote, kisha wakamweka mbele ya mwanawe Sarpedon, ambaye Patroclus yu karibu kumuua kwenye vita vya Troy. Zeus anayumba. Amnyakue akamtue salama kwao Lycia, au amwache? Sikiliza anachojibiwa na mkewe Hera. Hamwambii kwamba hawezi. Anamwambia: fanya, lakini sisi wengine hatutakuunga mkono, na ujue kila mungu mwenye mtoto pale vitani naye atataka kumtoa wa kwake. Zeus ananyamaza. Anaiangushia ardhi matone ya damu kwa ajili ya mwanawe, anamwacha afe, kisha anaagiza Usingizi na Mauti, ndugu mapacha, wambebe hadi kwao akazikwe na watu wake.

Pale hakuna nguvu iliyomshika Zeus mkono. Anao uwezo, au angalau Hera anazungumza naye kama mwenye uwezo, na anachagua kutoutumia kwa sababu ameoneshwa bei yake na nani atailipa. Uhuru wake uko katika kule kujizuia, katika matone ya damu, na katika mazishi. Matokeo hayajabadilika hata kidogo na bado hakuna msomaji anayemwona kikaragosi. Mlinganishe na Kusi wako. Kusi analia, anapiga magoti, Bibi Ukili anasema hapana, sura inakwisha. Hana kitu mkononi cha kutoa wala cha kuzuia. Tatizo la sura ya 9 liko hapo, na lingekuwepo hata kama Bibi Ukili asingetamka lolote.

Wagiriki haohao wana kisa cha Croesus, mfalme wa Lydia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alimpa mungu Apollo zawadi nyingi, na ufalme wake ukaanguka hata hivyo. Alipotuma watu Delphi, kwenye hekalu la Apollo, kulalamika, jibu lilikuwa kwamba Apollo alijitahidi anguko lile lisimkute yeye, liwakute wanawe, akashindwa. Alichofanikiwa kupata kwa wasuka majaliwa ni kuahirisha miaka mitatu. Nakipenda sana kisa hiki na nakuomba ukitafakari kama fundi wa hadithi. Miaka mitatu ni ndefu. Mtoto anazaliwa na kuanza kusema. Mtu anapatana na ndugu waliyekosana. Mungu aliyeipata miaka mitatu kwa kusihi amefanya jambo, na binadamu aliyeipoteza bila kujua kuwa ilikuwa zawadi ana hadithi nzima ya kujutia.

Sisi wa pwani, kwa kweli, hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Fumo Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni, basi. Hilo limekazwa, halina mjadala. Lakini angalia ni kiasi gani kimeachwa wazi. Haikusemwa nani ataishika sindano, wala lini, wala kwa sababu gani. Nafasi hiyo ikajazwa na watu: watawala wanamrubuni mwanawe, mwana anamwendea baba kumuuliza siri ya kifo chake, na husimuliwa kwamba baba aliunusa mtego na akamwambia hata hivyo. Kisha akafa amepiga goti kando ya kisima, upinde wake mkononi, watu wakaogopa kukisogelea kisima wakidhani yu hai. Nimewasikia watoto na wazee wakikisikiliza kisa hicho, na hakuna anayeuliza kama Liyongo angeweza kuokoka. Wanauliza: kwa nini alimwambia? Swali hilo halizaliki kwenye hadithi ambayo majaliwa yameikaba kila pembe.

Kwa hiyo jiulize, katika tamko lako la sura ya 4, ni nini hasa kilichofungwa? Mwambakuu kitazama. Usiku wa bamvua la saba. Sioni kwamba watu watazama. Simwoni mtoto wa Kusi. Ila hapa nikutahadharishe mapema, kwa sababu najua akili ya mwandishi aliyekwama inakimbilia wapi. Usije ukaificha nafasi hiyo mpaka sura ya mwisho halafu ukaitoa kama karata: "Kumbe alisema kisiwa, hakusema watu!" Msomaji atahisi umemchezea. Nafasi lazima aione mapema, na aone miungu wakiigombania.

Dunia zilizobuniwa zamani zina majibu mengine kadhaa, na niyapitie upesi ili usidhani nakuficha njia. Babeli ya kale waliyafanya majaliwa kuwa kibao ambacho mtu anaweza kukivaa kifuani: Tiamat, mungu mke wa bahari, alimpa Kingu, jemadari wake; Marduk, mungu wa Babeli, akampiga Kingu na kukitwaa. Kwa hadithi ya vita na madaraka njia hiyo inafaa mno, lakini kwako Bibi Ukili angegeuka mlinzi wa ghala. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walimfanya Odin, mungu wao mkuu, ajue kabisa kwamba siku ya mwisho mbwamwitu Fenrir atammeza, na akaendelea kukusanya mashujaa wake. Kuna ujasiri ndani yake unaosisimua, lakini riwaya nzima ya watu wanaosubiri kuzama ni nzito kuibeba, na kwa mkono wako, ambao ni mpole, naona ingelegea kufika sura ya 20.

Wayoruba nao husema kila mtu kabla ya kuzaliwa huchagua kichwa chake cha ndani kwenye karakana ya Ajala, mfinyanzi. Vingine vimechomwa vizuri, vingine vina nyufa, na kwa macho huwezi kuvitambua. Mtu akishazaliwa anasahau kwamba ni yeye aliyechagua. Wazo hilo ni zuri mno na linaweza kukufaa kwa yule mtoto wa Kusi, ambaye ni nusu mungu na hajui alichokikubali. Kwa baraza la miungu halitoshi.

Ninayokushauri zaidi ni njia ya kiapo. Kwa Wagiriki, mungu aliapa kwa maji ya mto Styx, na kiapo hicho kiliwekewa adhabu inayoeleweka: mungu akikivunja hulala mwaka mzima bila pumzi, kisha hutengwa na baraza na karamu za wenzake kwa miaka tisa. Maana yake kiapo kinavunjika. Bei yake ndiyo inayotisha. Zeus alimwapia Semele, mpenzi wake wa kibinadamu, kumpa chochote atakachoomba. Semele akaomba amwone katika utukufu wake halisi. Zeus akijua ataungua, akatimiza. Kilichomfunga ni neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Mungu aliyefungwa na neno lake ana maumivu ambayo mungu aliyefungwa na ukuta hawezi kuwa nayo.

Na wewe hukuhitaji mto. Umeshaweka kila kitu ndani ya jina la bibi yako, ila hukukiangalia kwa karibu.

Mkeka hausukwi. Wanaokaa na kazi hiyo wanajua: ukindu huchanwa, hukaushwa, mwingine hutiwa rangi, halafu kinachosukwa ni ukili, utepe mwembamba unaorefuka na kurefuka mpaka unakunjwa mzingo mkubwa pembeni ya msukaji. Mkeka unapatikana baadaye, ukili unapozungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo. Ukiharibu ukili umepoteza kazi. Mshono lakini hufumuliwa, ukashonwa upya, na alama za sindano zikabaki.

Basi mwache Bibi Ukili asuke ukili tu. Huo haufumuki, neno lako la sura ya 4 linasimama, wala hatakuwa mwongo kamwe. Ukili wa Mwambakuu unaishia majini. Lakini nani anaushona, na unashonwa kando ya ukili wa nani? Hiyo iwe kazi ya miungu, na kila mshono wauapie. Mungu anayetaka kufumua mshono wake aweza, ila kila kilichoshikizwa na mshono ule kinaachia, na yeye mwenyewe anabaki na alama.

Ona sasa sura ya 9 inavyobadilika. Hakuna tena anayemwomba Bibi Ukili chochote. Mweke barazani, asuke, asiseme kitu. Lile jibu refu ulilompa, lenye "mimi sibadiliki", lifute lote, maana mkongwe anayejieleza amekwishapungua. Wanaobishana wawe ndugu wawili. Kwenye bahari yetu kaskazi huvuma miezi ya mwanzo wa mwaka, kusi hupokea kuanzia karibu na masika. Majahazi ya zamani yalishuka huku kutoka Arabuni na Uhindi kwa kaskazi, yakapanda kurudi kwa kusi. Umeandika kwamba bamvua la saba linaangukia mwishoni mwa kaskazi. Kwa hiyo watu wa Mwambakuu wana vyombo, wana bara upande wa kaskazini mwao, lakini upepo unawapiga usoni. Hawawezi kutoka. Kusi angeweza kuwasukuma mpaka salama kama angekuja kabla ya zamu yake. Ili aje, Kaskazi akubali kufa siku kadhaa kabla ya wakati.

Na Kaskazi ana sababu za kukataa. Siku zile za mwisho ndizo zinazoleta majahazi yaliyochelewa, yenye watu wengine, wenye watoto wao, ambao yeye ameapa kuwafikisha. Akiwaachia njiani, watabaki baharini bila upepo wala maji ya kunywa. Mpe Kaskazi maneno ya Hera kwa namna yake: "Nikikupa siku zangu kwa ajili ya mwanao, kesho Bamvua ataniomba nini? Na wale walio kwenye vyombo vyangu, baba yao nani?" Hapo wanabishana kitu. Kisiwa kitazama, wote wanajua, hakuna anayelibisha. Kinachogombaniwa ni nani atakuwa juu yake usiku ule, na nani atalipia.

Tena usimsahau Bamvua. Katika sura ulizonitumia ana sentensi mbili tu, na ndiye atakayefanya tendo lenyewe. Yeye ndiye maji. Mungu anayejua kwamba mkono utakaozamisha ni wake, na ambaye hana budi kupanda mwezi ukifika, ndiye mwenye sura yake mwenyewe humu ndani. Ningependa kujua anafanya nini usiku wa bamvua la sita.

Kuna hasara, nisikufiche. Ukishika njia hii itakubidi uyaandike majahazi ya Kaskazi tangu sura za mwanzo, na wasafiri wawili watatu tuwajue kwa majina, la sivyo hoja yake itakuwa hewa. Ni kazi ya miezi. Na mwisho wako hautakuwa wa furaha kamili kwa upande wowote. Nadhani riwaya yako inaweza kuhimili.

Sasa la mama. Mimi si sheikh na sitatoa fatwa. Ninaloweza kukuambia ni kwamba hofu yake ina maana, usiidharau. Waislamu wa karne za mwanzo walivutana sana juu ya kadari. Walikuwepo Kadariya waliosisitiza kwamba mja ndiye mwenye tendo lake, na Jabria waliosema mja hana lake. Baadaye mwanazuoni al-Ash'ari, aliyekulia Basra, akaeleza kwamba Mungu ndiye anayeliumba tendo na mja hulichuma, na kwa kulichuma anawajibika. Watu hao waliizungumzia imani yao kwa Mungu asiye na mshirika, asiyekaa ndani ya wakati, wala chini ya mkeka wa mtu. Zeus na Kusi ni viumbe wa namna nyingine kabisa: wamo ndani ya dunia, wana ndugu, wana wivu, wanachelewa. Bibi Ukili wako si picha ya kadari ya Mwenyezi Mungu na hapaswi kusomwa hivyo. Watu wetu wamesimulia majini na mazimwi jioni zote bila kuyaabudu, na mama bila shaka amezisikia hadithi hizo akiwa mdogo.

Hata hivyo, jiulize kwa ukweli kama ndani ya riwaya hii unamtumia Bibi Ukili kumuuliza Mungu swali ambalo hujathubutu kuliuliza waziwazi. Mama anaweza kuwa amelisikia hilo kabla yako. Kaa naye. Msimulie kisa chote kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho, umwambie wazi kwamba ni cha kubuni. Akibaki na wasiwasi, nendeni wote wawili kwa ustadh mnayemwamini mtaani kwenu, mkamweleze ana kwa ana. Jibu lake hilo mimi siwezi kukupa kwa maandishi.

Na hapo ndipo ninapofika kwa kaka yako. Umeandika kwamba mlichelewa, na kwamba usiku unajiona umeshasukwa. Nitakuambia nilichokiona kwenye misiba ya mji huu. Matangani tunaambiana kwamba siku yake ilifika, kazi ya Mungu haina makosa, na tunamaanisha. Lakini mtu yuleyule anayesema hivyo pale turubaini ndiye aliyetoka mbio saa nane usiku kutafuta bajaji, akagonga mlango wa jirani mwenye gari, akamsihi dereva apite njia ya mkato. Hakuna aliyemwambia dereva apunguze mwendo kwa sababu siku ikifika imefika. Maneno ya majaliwa tunayasema tukiwa tumegeukia nyuma, kwa aliyefiwa, ili asijimalize kwa lawama. Hayakuwekwa yamkabe mtu anayetazama mbele. Wewe unayashika kinyume: kwa jana, ambako yangekufariji, unajilaumu kana kwamba kila kitu kilikuwa mikononi mwako, kwa kesho, ambako una nafasi, unajiona umeshafungwa.

Hilo halitatibiwa na sura ya 9, hata uiandike vizuri namna gani. Tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Anaweza kuwa mama mwenyewe, maana naye amempoteza mtoto na huenda anazunguka na lawama ileile. Anaweza kuwa yule ustadh. Na kama kukosa usingizi kumezidi wiki mbili, au chakula hakipiti, au kazi imekushinda, nenda hospitali. Kutoka Mbagala anzia Temeke, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili ambako huzuni ya msiba inaeleweka na inasaidiwa. Ikikujia fikra ya kutotaka kuishi, usingoje asubuhi wala jibu la mtu yeyote: mwamshe aliye karibu nawe mwende usiku huohuo.

Kwa upande wa kazi, punguza kuandika usiku kwa sasa. Anza na sura ya 4, ile ya 9 iache kwanza. Toa "akaona", bakiza ukili, na hakikisha tamko la Bibi Ukili halizidi sentensi moja. Kisha andika kurasa chache za jahazi moja la Kaskazi likiwa bado mbali, lina nani, limebeba nini. Ukishazipata hizo, zisomeni kwenye kikundi chenu kabla hujagusa baraza. Mkitaka meza tulivu, Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed inawatosha. Mwombe yule aliyekuuliza swali awe wa kwanza kusoma. Na mhariri mtafute rasimu ikikamilika, sio sasa. Sasa unahitaji wasomaji wanaokuuliza, na unao.